Wanawake kwenye kampuni za ushauri tunataka wateja, sio huruma

Mhariri, habari za kazi. Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua maana hili jambo nimekaa nalo muda mrefu na nikiendelea kunyamaza nitakuwa nawakosea wadogo zangu wanaoingia sasa hivi kwenye hii kazi.

Mimi niko kwenye kampuni ya ushauri wa biashara hapa Dar, mwaka wa 9 huu. Nilianzia kwenye ukaguzi wa hesabu huku usiku nasomea CPA, cheti cha uhasibu, mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu, mwezi wa 5 na wa 11, alafu nikahamia upande wa ushauri. Tulioanza pamoja wanawake tulikuwa karibu nusu. Sasa hivi ukifika kwa mameneja tuko wachache, ukifika kwa mapatna, wale wabia wenye kampuni, ndo kabisa, vidole vya mkono mmoja vinabaki. Na sio kwamba wale wadada walishindwa kazi, nawafahamu, ripoti zao ndo zilikuwa zinapita bila kurudishwa.

Watu wakiongelea hii habari wanasema wanawake hatujiamini, tupelekwe mafunzo. Mafunzo ni mazuri, sibishi, chama cha waajiri ATE wana ile programu ya Female Future ya kuwaandaa wanawake kuwa viongozi, walioanzisha na waajiri wenzao wa Norway, NHO, na naiunga mkono kabisa. Lakini kwetu mchawi ni ugawaji wa kazi.

Nieleze kwa asiyejua. Huku cheo kinapanda kwa wateja uliowashika na masaa uliyowachaji. Kila wiki unajaza taimushiti, fomu ya masaa uliyomfanyia kila mteja, mwisho wa mwaka wanajumlisha wanalinganisha na lengo lako. Mteja mkubwa, benki au mgodi au kampuni ya simu, anakupa masaa mengi na anakupa jina, na kikubwa zaidi anakuweka karibu na patna, na huyo patna ndo atakuja kukusemea kwenye kikao cha kupandisha vyeo ambacho wewe mwenyewe humo. Kama hakuna wa kukusemea mle ndani hata uwe mzuri vipi jina lako linasomwa linapita.

Sasa mwanamke anaenda likizo ya uzazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa siku 84, akijifungua mapacha 100. Nilienda zangu 84 nikarudi, nikakuta mteja wangu wa mgodini Kanda ya Ziwa, niliyemshika miaka miwili, kapewa mwenzangu. Niliambiwa kwa upole kabisa, "dada, mtoto bado mchanga, hizi safari utaumia, fanya kwanza za hapa ofisini." Aliyeniambia hakuwa na nia mbaya, naamini hivyo mpaka leo. Lakini hakuniuliza! Mama yangu alishakuja kutoka Moshi na begi lake, tumeshapanga kila kitu, yani hata safari ya kwanza nilishajua ntaondoka siku gani. Nikapewa kuandika maombi ya tenda na kuwafundisha vijana wapya, kazi ambazo ofisi haiwezi kwenda bila hizo ila kwenye taimushiti hakuna mteja wa kumchaji, unaandika sifuri.

Mwisho wa mwaka lengo langu lilikuwa lile lile masaa 1,500, halikupunguzwa hata saa moja, wakati wiki 12 kati ya 52 nilikuwa likizo ya kisheria, karibu robo ya mwaka. Nikaambiwa sijafikia. Mwenzangu aliyechukua mteja akapanda, na sina kinyongo nae, kazi aliifanya kweli, ila ngazi aliyopandia niliijenga mimi.

Na hii sio ya kwetu tu. McKinsey, ambao wenyewe ni kampuni ya ushauri, kila mwaka wanaangalia makampuni ya Marekani pamoja na LeanIn.Org, shirika la kuinua wanawake kazini, na ripoti yao ya 2024 ilisema kwa kila wanaume 100 wanaopandishwa kuwa meneja kwa mara ya kwanza, wanawake ni 81. Hiyo ni ngazi ya kwanza, bado hujafika kokote. Mwaka huo huo mwezi wa 7 Janet Truncale alianza kuiongoza EY dunia nzima, mwanamke wa kwanza kuongoza kidunia moja ya zile kampuni nne kubwa za ukaguzi wa hesabu, na kule Accenture, kampuni nyingine kubwa ya ushauri, Julie Sweet ndo bosi mkuu toka 2019. Nilifurahi sana siku ile. Ila huyo wa juu kabisa hawezi kumuona dada wa Dar ambaye mteja wake kachukuliwa akiwa wodini.

Kwa hiyo naomba wakubwa wa hizi kampuni wafanye vitu ambavyo havina hata gharama. Lengo la masaa lipunguzwe kulingana na likizo. Mteja ashikiliwe na mtu kwa muda, asigawiwe moja kwa moja. Na mwanamke aulizwe, akisema safari haziwezi sawa, akisema anaweza aachwe aende. Alafu kuna yale masaa mawili kwa siku ya kunyonyesha ambayo yako kwenye sheria hiyo hiyo, patna ayaseme kwa mteja toka siku ya kwanza, asimuachie mama mwenyewe kujieleza. Mimi nilikuwa nakamua maziwa kwenye chumba cha mafaili kwa mteja mmoja mjini huku nimeegemea mlango kwa mgongo maana haukuwa na komeo. Na kina baba nao, siku 3 za sheria ni chache mno, kampuni hairuhusiwi kupunguza ila kuongeza inaweza.

Kuna mdogo wangu ofisini ana mimba ya miezi 7, kashika benki na kaishika vizuri. Nimeenda kwa bosi wake nikaomba iandikwe kabisa kwamba mteja ni wake na atakaebaki anamshikia tu mpaka arudi. Amekubali kwa mdomo. Karatasi bado, na jumatatu naenda tena.

Mshauri wa biashara,
Dar es Salaam