Vyeti vya kuzaliwa visingoje Januari

Mhariri,

Mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa huenda akakaa darasani kama wenzake, lakini kwenye mfumo wa wizara ya elimu hayumo, na fedha za serikali hufuata mfumo huo. Mwanafunzi wa sekondari msingi hutengewa Sh15,042 kwa mwaka, wa msingi Sh1,420. Kumi wa sekondari msingi wakikosa kusajiliwa, shule imepoteza zaidi ya Sh150,000.

Huku Faza, Siyu na Kizingitini, kisiwani Pate, wapo wengi waliozaliwa nyumbani. Miezi sita ikipita tangu kuzaliwa, usajili huhesabiwa umechelewa: barua ya chifu, kadi ya kliniki, vitambulisho vya wazazi, kisha nauli ya boti hadi Amu, yaani mji wa Lamu. Kinachowarudisha watu bure ni jina. Kadi inasema Mohamed, kitambulisho cha baba Muhammad, rejista ya shule Mohammed. Walimu wakuu, tafadhalini, zilinganisheni karatasi hizo herufi kwa herufi kabla mzazi hajapanda boti.

Ofisi ya usajili nayo tunaiomba ije visiwani muhula wa tatu, wala isingoje msongamano wa Januari, na siku zitangazwe misikitini mapema.

Wazazi,
Faza, Lamu