Barua kwa Mwanangu Anayekwenda Rouen

Mwanangu Neema,

Mama yako kaniambia viza imetoka. Hongera sana. Ila habari hiyo nimeisikia jikoni, si kwako.

Majirani wakiuliza unakwenda kusomea nini Ufaransa, najibu fasihi. Kwamba ni habari za sumu vitabuni sisemi; neno sumu nalimeza, maana muuza sumu ya panya wa mtaa huu ni mimi, na maneno ya watu hayakawii. Lakini najivuna, mama. Ile habari uliyonisomea, ya Mfalme Louis wa 14 kuamuru mwaka 1682 kwamba wauza aseniki, sumu ile, waandike daftarini jina la mnunuzi na kiasi alichochukua, nimewasimulia wateja wangu mpaka wamechoka.

Riwaya ya yule Mfaransa Flaubert, Madame Bovary, nimeimaliza. Ninyi wasomi mnasema Emma Bovary, yule mke wa kitabuni, aliuawa na aseniki ya stoo ya mfamasia. Mimi mwenye duka nimesoma vingine. Aliuawa na Lheureux, yule muuza vitambaa, aliyemsainisha hati ya deni juu ya hati ya deni, hadi ikaja amri ya mahakama alipe faranga 8,000 ndani ya saa 24. Na mumewe hakujua deni limefika wapi. Kitanda kimoja, hajui!

Kwa hiyo ukiishiwa, sema. Ukikopa, sema siku hiyohiyo, hata kama ni fedha ya nauli. Wewe una tabia ya kunyamaza halafu unatuma salamu fupi fupi, "niko salama baba". Salama gani isiyo na maelezo?

Ada ya muhula wa pili ilipochelewa nilikwambia ni benki. Haikuwa benki. Habari za kile kiwanja mama yako bado hana, nawe usimwambie. Nitamwambia mwenyewe mbuzi wakishauzwa.

Koti la baba yako mdogo lianike juani kabla ya kulipakia, linanuka dawa ya nondo. Bati la jikoni linavuja tena, fundi anataka nusu ya fedha mbele. Na hosteli huko ni euro ngapi kwa mwezi? Umeshalipa au umekopeshwa? Nijibu hilo kwanza, mengine baadaye.

Baba yako