Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Takwimu za Vifo vya Mbwa wa Kufugwa na Mbwa Mwitu

Ndugu wajumbe wa Kamati Tendaji, ndugu wanachama,

Shughuli za kawaida za chama chetu, kinachokusanya fomu na sampuli za vifo vya mbwa wa kufugwa na mbwa mwitu, mnazijua. Chanjo ya kichaa cha mbwa ilitolewa katika vijiji vyetu vya Loliondo na vile vya magharibi mwa Serengeti, fomu za kaya zilijazwa, wanachama wapya walipata mafunzo, na vikao vya kamati vilikaa kama katiba inavyotaka. Vibali vya kusafirisha sampuli nilivifuatilia mwenyewe hadi vikatoka, na hilo naomba liingie kwenye kumbukumbu.

Lililoleta maneno mwaka huu ni uamuzi wa kamati, chini ya uenyekiti wangu, kwamba kifo kisicho na sampuli ya mzoga kisiandikwe tena “kichaa” wala “distempa” (ugonjwa wa virusi unaoua mbwa na wanyama wengine wala nyama). Kinaandikwa “kinashukiwa”, na posho ya usafiri inalipwa kwa fomu iliyoambatana na sampuli tu. Baadhi yenu mmesema nimefuta kazi yenu. Hakuna fomu iliyofutwa. Safu ya dalili imebaki kama mlivyoijaza. Iliyobadilika ni safu ya chanzo cha kifo.

Mbwa wa boma anayetokwa na mate, anayeyumba na kung’ata ovyo anaweza kuwa na kichaa. Anaweza pia kuwa na distempa iliyofika kwenye ubongo, au amekula nyama ya sumu iliyotegewa fisi. Kwa macho hatuwatofautishi, hata mwenye uzoefu wa miaka mingi. Kwa mbwa mwitu hali ni ngumu zaidi: fisi huufikia mzoga kabla yetu, na asiyeonekana kwenye kundi huenda amehama, ameuawa na simba, amenaswa kwenye tanzi au amegongwa barabarani. Kutoweka si chanzo cha kifo.

Tunaoishi huku tunajua gharama ya kukosa mizoga. Mwaka 1990 kichaa kilithibitishwa kwa mbwa mwitu wa Serengeti, na kufikia 1991 makundi yaliyokuwa yakifuatiliwa ndani ya hifadhi yalikuwa yametoweka. Sampuli zilizopatikana zilikuwa chache mno. Matokeo yake watafiti walibishana miaka na miaka: ni kichaa kutoka kwa mbwa wa vijijini, ni distempa, au ni kule kukamatwa kwa wanyama ili wachanjwe na kuvishwa kola za redio? Mabishano yale yangekuwa mafupi kama bongo nyingi zaidi zingefika maabara.

Linganisheni na simba. Distempa ya 1994 iliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti, lakini tishu zilichukuliwa na damu ya miaka ya nyuma ilikuwa imehifadhiwa. Damu hiyo ndiyo iliyoonyesha kwamba simba waliwahi kupatwa na kirusi hicho kabla bila vifo vya namna ile, na kwamba 1994 ukame na vimelea vya babesia vinavyoenezwa na kupe viliongeza makali. Ndiyo maana nasisitiza pia kwamba kingamwili kwenye damu zinathibitisha mnyama alikutana na kirusi au chanjo, hazithibitishi kilichomuua. Na chanjo yenyewe si kinga ya uhakika: katika hifadhi ya Mkomazi, kati ya mbwa mwitu 52 waliofugwa kwa ajili ya kuzalishwa, 49 walikufa kwa distempa ndani ya miezi miwili, ingawa walikuwa wamechanjwa.

Wanaodai kazi ya sampuli ni ngumu, naomba wasome upya utaratibu. Anayegusa mzoga awe amechanjwa kinga ya kichaa, avae glovu na miwani. Hakuna haja ya kupasua fuvu kwa shoka: kichwa kikishatenganishwa, mrija wa soda wa kipenyo cha milimita 5 unaingizwa kwenye tundu la nyuma ya fuvu, uti wa mgongo unapoingilia, ukielekezwa kwenye jicho. Unapita shina la ubongo na ubongo mdogo, sehemu ambazo maabara inazihitaji. Ukibana ncha ya nje na kuuvuta, ubongo unatoka nao. Kisha unausukuma kwenye kichupa cha gliserini na maji ya chumvi, nusu kwa nusu, na kichupa kinawekwa kwenye deli lenye barafu.

Mwaka huu vichupa kadhaa vilifika na fomalini. Fomalini inavuruga kipimo cha kawaida cha kichaa. Vingine viliandikwa kwa kalamu ya wino, maandishi yakafutika kwa maji ya barafu, tumieni penseli. Kwa distempa ongezeni pamba iliyopanguswa jichoni, na vipande vya pafu, bandama na tezi za limfu.

Fomu za vifo bila hesabu ya mbwa walio hai hazina kazi, kwani kiwango cha vifo hakipatikani. Na mnapohesabu, msiwaruke watoto wa mbwa. Lengo la kuchanja asilimia 70 ni la mbwa wote, na kijiji kinachowaacha watoto kinaweza kukosa lengo hata kama wakubwa wengi wamechanjwa.

Fedha: ada mwanachama mmoja Sh 20,000, waliolipa 27 kati ya 64, Sh 540,000, michango ya wahisani Sh 1,900,000, vifaa Sh 1,160,000, posho za usafiri Sh 870,000, salio Sh 410,000. Ada ambazo hazijalipwa ni Sh 740,000, zaidi ya kinachobaki benki. Mkutano wa Machi ulikosa akidi, na wa Agosti ulipata akidi saa nane mchana. Inasikitisha kwamba waliopinga uamuzi wa sampuli kwa sauti kubwa hawakuwepo siku ulipojadiliwa, ingawa taarifa ilitumwa siku 21 kabla.

Mwakani tunatarajia kupata jokofu la sola, na Mungu akipenda tushirikiane na wenzetu wa upande wa Maasai Mara, Kenya, kwa sababu mbwa mwitu hawajui mpaka.

Fomu za robo ya mwisho ziwe kwa katibu kabla ya tarehe 15. Vichupa na mirija vipo kwa mhazini, na vinatolewa kwa aliyelipa ada.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti