Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2024, Moshi

Ndugu wanachama, mafundi na wahasibu wa mifumo ya kahawa,

Mliponipa kiti hiki mlinituma jambo moja: tangu kahawa ipande mizani ya AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika wa wakulima, hadi pesa iingie kwenye simu ya mkulima, safari yote ifuatilike bila mtu kupanda bodaboda kwenda kuulizia. Leo natoa hesabu ya nilichotumwa.

Safari yenyewe mnaijua. Mkulima anapimiwa kahawa ya maganda na kupewa risiti. Mzigo unakwenda kiwandani kukobolewa, inatoka kahawa safi ya AA, A, B, PB na madaraja mengine. Sampuli zinaonjwa, mnada unafanyika hapa hapa Moshi, mnunuzi analipa, makato yanatolewa, ndipo mkulima apate chake. Kila kituo kina mfumo wake wa kompyuta, na hakuna anayeweza kumwamrisha mwenzake. Sisi mafundi na wahasibu ndio tunaofanya mifumo hiyo isikilizane.

Nianze na lililotuumiza. Mwanzoni mwa msimu, chama kimoja cha msingi kilituma orodha ya malipo, mtandao ukakatika kabla ya jibu kurudi. Mfumo ukadhani ombi limekwama, ukatuma tena, kumbe la kwanza lilishafika. Wakulima wakalipwa mara mbili. Kumwendea mzee nyumbani kwake kumwomba arudishe pesa ambayo tayari amemlipia mjukuu ada ni kazi nzito. Niliifanya na wenzangu wawili, na sitaki yeyote kati yenu aifanye tena.

Kosa letu lilikuwa kuchukulia ukimya kuwa ni kukataliwa. Anayetuma hawezi kujua kama ombi limepotea njiani au ni jibu ndilo lililopotea. Kwa hiyo tulikubaliana kuwa kila ombi la malipo libebe namba yake, inayotungwa mara moja na mtumaji. Ombi likirudiwa kwa namba ile ile, mpokeaji analeta jibu la mwanzo bila kulipa upya. Fundi aliyebaki na mfumo wa zamani anione leo kabla hatujaachana.

Mjadala uliotuchukua muda mrefu kuliko yote ulikuwa huu: awepo mwelekezi mmoja wa kazi yote, au kila mfumo utangaze ulichomaliza na wanaohusika wasikilize? Mwanachama mmoja kutoka Kibosho alitukumbusha mifongo, mifereji yetu ya asili ya kumwagilia. Wazee wetu waligawana maji ya mlima kwa zamu, kila ukoo ukijua siku yake, bila ofisi wala karani. Lakini mfongo ulipobomoka, palikuwa na mtu wa kupiga mbiu watu watoke wakautengeneze. Tumefuata njia hiyo. Kupokea mzigo, kukoboa na kupanga madaraja, kila kituo kinatangaza hatua yake na kuendelea na kazi. Malipo peke yake yana mwelekezi mmoja anayeiona safari nzima, maana pesa isiyo na mtu wa kuitazama mwanzo hadi mwisho hupotelea katikati. Kuna waliotaka mwelekezi mmoja kwa kila kitu. Bado naamini wangetufunga: akilala yeye, mlima wote umelala.

Kuhusu kurekebisha kinachoharibikia katikati, tumetumia wazo la watafiti wa kompyuta Hector Garcia-Molina na Kenneth Salem, lililochapishwa mwaka 1987. Kazi ya wiki nyingi haiwezi kufungia daftari za watu wote hadi iishe. Inakatwa vipande, na kila kipande kinaandaliwa mapema hatua ya kukifidia. Kahawa iliyokwisha kukobolewa hairudi kuwa ya maganda. Tunachoweza kurekebisha ni hesabu, kwa ingizo jipya linaloonekana, bila kufuta la zamani. Wahasibu walilielewa hili haraka kuliko sisi mafundi.

Saa nazo zilitusumbua. Kompyuta moja ya mizani ilikuwa na betri iliyokufa, ikaandika mzigo umepimwa baada ya kukobolewa. Mtaalamu wa kompyuta Leslie Lamport alishaeleza mwaka 1978 kwamba katika mifumo iliyotawanyika, mpangilio wa matukio hautegemei saa za ukutani. Sasa kila ujumbe unataja namba ya hatua iliyoutangulia.

Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za intaneti za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, tuliona aibu ya pekee: kituo na kituo vilivyo mji mmoja vikashindwa kuongea, kwa sababu seva zao ziko ng'ambo. Tangu hapo, ujumbe unasubiri kwenye foleni ndani ya kituo chenyewe hadi njia ifunguke.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inatumika tangu Mei 2023. Kiwanda hakihitaji jina wala simu ya mkulima ili kukoboa kahawa yake. Tumeviondoa, kinakwenda kitambulisho cha mzigo tu.

Taarifa ya fedha ataisoma mhazini.

Limebaki moja ambalo sikulimaliza. Neno “imepokelewa” bado lina maana mbili: ghalani ni gari kufika getini, kiwandani ni mzigo kupimwa upya. Tofauti ya kilo kati ya hapo na hapo ndiyo inayozaa malalamiko mengi, na hakuna programu itakayoitatua kabla watu wa ghala na wa kiwanda hawajakaa meza moja. Nimewaomba wote wawili waje leo, na wamekuja. Naomba mkutano uwape saa ya kwanza baada ya chai, tuandike maana moja na waisaini hapa.