Anzia Tezi, Mwanangu

Mwanangu mpenzi,

Maadamu umepangiwa sitaha ya magari, nataka uijue vizuri ajali ya Princess Victoria. Feri hiyo iliondoka Stranraer, Scotland, kwenda Larne, Ireland ya Kaskazini, asubuhi ya tarehe 31 Januari 1953, tufani ikivuma. Malango yake ya tezi, yaani nyuma ya chombo, yalikuwa mafupi, hayakufika mita 2. Juu yake palikuwa na lango jingine la chuma la kuteremsha, lakini halikuteremshwa. Ilipotoka tu ghuba ya Loch Ryan, mawimbi yakayapinda malango yale, na mabaharia wakashindwa kuyafunga tena.

Maji yaliingia, na kubwa zaidi, yalikosa pa kutokea, kwani matundu ya kuyatoa hayakutosha. Piga hesabu: sitaha ya mita 60 kwa 12, maji yakifika kina cha sentimita 10 tu, ni zaidi ya tani 70. Na maji hayafungwi minyororo kama lori. Chombo kikiinama kidogo, yote hukimbilia upande huo, nacho huzidi kuinama. Feri ile ililalia kulia kwa saa kadhaa, hatimaye ikazama mchana. Walikufa watu 133. Hakuokoka mwanamke wala mtoto hata mmoja. David Broadfoot, mtu wa redio, alibaki akituma wito wa msaada mpaka mwisho. Mungu amrehemu.

Usiku huo tufani ikateremka Bahari ya Kaskazini na kukutana na bamvua, maji kujaa kupita kawaida. Uholanzi peke yake walikufa watu 1,836. Matuta mengi ya kuzuia bahari yalibomokea nyuma: maji yalipita juu ya kilele, yakamwagikia upande wa bara uliokuwa udongo mtupu, yakaula mpaka tuta likakatika.

Kwa matuta kama kwa feri ile, palipovunjika ni nyuma. Kwa hiyo kabla hamjang'oa nanga, nenda tezi mwenyewe. Taa ya darajani, pale anapoongozea nahodha, ikionyesha lango limefungwa, usitosheke nayo. Shika kila komeo, papasa raba yote ya kuzuia maji ukingoni mwa lango uone kama imechanika. Kisha zibua matundu ya maji. Mifuko ya plastiki na majani ndivyo vinavyoyaziba. Mwaga ndoo moja katika kila tundu, uhakikishe maji yametoka nje. Nahodha akikuharakisha, mwambie bado, umalize.

Mama yako