DVD za harusi zitoke na picha safi

Mhariri, naomba nafasi niongee na vijana wanaotengeneza DVD za harusi na sendofu majumbani hapa Dar, maana inauma kuona kamera nzuri imetumika halafu watu wakianza kucheza tu picha inajaa viboksi.

Shida kubwa ni kulazimisha masaa manne kwenye diski moja. DVD ya kawaida ni GB 4.7 basi, haivutiki. Video ya saa moja unaweza kuipa megabiti kama 8 kwa sekunde na picha ikatulia kabisa, masaa mawili inashuka hadi 4.5 hivi bado inaangalika, ukizidisha hapo ndo mnaharibu. Gaweni diski mbili jamani!

Halafu programu ikikupa chaguo la kupitia video mara mbili kubali, hata kama kompyuta itakesha, kwa sababu mara ya kwanza inasoma wapi watu wanaruka na wapi maharusi wamekaa tu, mara ya pili ndo inagawa data kwa akili. Sauti weka AC3 (sauti iliyobanwa) ya kilobiti 224 kwa sekunde, PCM (sauti isiyobanwa) inakula zaidi ya 1500 ambazo picha ingezitumia.

Na huku kwetu mfumo wa picha ni PAL, nukta 720 kwa 576, fremu 25 kwa sekunde, msigeuze kuwa NTSC, mfumo wa Marekani. Ukiona mtu akitembea anatetemeka kagua mpangilio wa mistari ya picha (ipi inatangulia, ya juu au ya chini), mkanda wa DV, ule wa kamera za dijitali, unaanza na ya chini.

Msomaji wenu,
Temeke, Dar es Salaam