Mwanangu, ile simu iwekwe mbali

Mwanangu,

Nimesikia Jumatatu unarudi kazini na mtoto atabaki na dada wa kazi. Kazi sina neno nayo. Ulihangaika kuipata, na kila mgeni anayekuja hapa namtajia, hata asipouliza. Neno langu ni simu. Ile video uliyonitumia, mume wangu kakalishwa kwenye mito, macho kwenye katuni, hata kope hapepesi, nawe unaniambia, "Mama, ona alivyotulia." Mtoto wa miezi saba hatulii hivyo. Kapumbazwa.

Usiseme ni ukongwe wangu. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: mtoto asiyetimiza mwaka haifai kuwekwa mbele ya skrini. Na usinikumbushe ninyi mlilelewa na televisheni. Najua nani alikuwa akiiwasha.

Dada apewe sufuria ndogo na kijiko cha mti, mtoto agonge. Kisha kijiko kifichwe chini ya kitambaa huku mtoto anaona, mwanzoni kipini kibaki nje. Siku za kwanza huenda akageuza uso kana kwamba kijiko hakijawahi kuwepo, maana umri huu ndio anaanza kung'amua kuwa kitu kisichoonekana bado kipo. Atakapokifunua mwenyewe, nipigie, hata kama ni usiku.

Akikiangusha, aokotewe. Akikiangusha tena, aokotewe tena. Nakujua, utanuna, subira huna, umemrithi baba yako. Lakini si utundu ule: anataka kujua kikianguka kinakwenda wapi, kinalia vipi, na nani atakileta.

Zaidi ya yote aongeleshwe. Anapobadilishwa nguo aambiwe, huu mkono, huu mguu. Akisema "ba-ba-ba" ajibiwe vivyo hivyo, halafu dada anyamaze kidogo ili naye apate zamu yake. Katuni haimsubiri mtu, inapayuka tu. Ndiyo maana nakwambia simu, simu, simu! Na wewe ukirudi jioni usiingie nayo mkononi.

Kifudifudi alazwe akiwa macho tu, kitu anachokipenda kiwekwe mbele kidogo akifuate. Kulala ni chali. Vitu vidogo viondolewe sakafuni: chochote kinachopenya kwenye kile kibomba cha katikati ya karatasi ya chooni kinaweza kumkaba. Betri za rimoti, zile bapa kama sarafu, ndizo mbaya kupita zote. Akimeza, msingoje, hospitali moja kwa moja.

Blanketi lake mlilisahau hapa, nimeshalifua. Mto mmoja nao umechanika, sijui mlikuwa mnaufanyia nini. Ufunguo wa kabati haupo, na baba yako anaapa aliutumbukiza kwenye begi la nepi. Likung'ute kabla mtoto hajautia kinywani, na ukiuona umpe kaka yako aulete, mashuka yote yamo humo.

Mama yako